Ushahidi wa Nuru: Habari za Galaksi za Mwanzo Zimejulikanaje?

(Mada iliyosomwa mbele ya waumini wa Inyonga, wilaya ya Mlele, mkoa wa Katavi)



 

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu,

Lipo swali ambalo vijana wa sekondari hutuuliza kila tunapokaa nao baada ya sala. Husema: "Shuleni tunafundishwa kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na kwamba galaksi za mwanzo zilianza kufanyika kabla haujatimiza miaka bilioni 1. Nani alikuwapo akaona?" Galaksi, kwa faida ya wazee wetu, ni jamii kubwa ya nyota, gesi na vumbi vinavyozunguka pamoja. Ule mkanda mweupe tunaouona ukikata mbingu usiku wa giza ni galaksi yetu sisi, tukiitazama kutokea ndani yake.

Majibu mawili yamezoeleka kutoka kwetu watu wazima. Wapo wanaosema: "Hao wanabuni tu, usiwasikilize." Na wapo wanaosema: "Hayo yote sisi tunayo tangu zamani, wao wanatuiga." Jibu la kwanza linamfukuza kijana msikitini. Jibu la pili linamlaza usingizi. Na yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba hayajibu swali alilouliza. Kijana ameuliza habari hizi zimejulikanaje. Basi leo, kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, tutajaribu kumjibu hivyo alivyouliza.

SHAHIDI NA MAPOKEZI YAKE

Sisi Waislamu ndio tunaopaswa kulielewa swali hili kuliko watu wengine, kwani elimu yetu imesimama juu yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwapo Madina karne 14 zilizopita. Hata hivyo tunayapokea maneno na matendo ya Mtume (s.a.w.) kwa njia ya sanadi: fulani amepokea kwa fulani, naye amepokea kwa fulani. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na kusikia tu. Walimchunguza kila mpokezi: aliishi lini, alikutana na nani, hifadhi yake ilikuwaje, safari zake zilimpitisha wapi. Kisha wakalinganisha mapokezi ya njia mbalimbali ili kujua lipi limeongezeka njiani na lipi limepungua.

Na ninyi watu wa Inyonga mna mfano wenu wa nyumbani. Mrina asali mzoefu huionja asali, akaitazama rangi yake, akajua nyuki walichuma katika maua gani. Hakumfuata nyuki hata hatua moja. Asali yenyewe imebeba habari za njia.

Nuru nayo ni mpokezi. Husafiri karibu kilomita 300,000 kwa kila sekunde, lakini ulimwengu ni mpana mno hata kwa kasi hiyo. Nuru ya mwezi hutufikia baada ya sekunde moja na kitu. Nuru ya jua hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Ile ya galaksi kubwa iliyo jirani yetu, iitwayo Andromeda, imesafiri kwa takriban miaka milioni 2.5 kabla ya kuingia jichoni mwetu. Kwa hiyo kila anayetazama mbali angani anatazama zamani. Anachokiona ni habari ya siku ile nuru ilipoondoka. Habari ya kitu hicho ya siku ya leo bado iko njiani.

Limebaki swali la mwanazuoni wa hadithi: mpokezi huyu amebeba nini, na njiani amepitia wapi?

ALAMA ZILIZOMO NDANI YA NURU

Chukueni chumvi kidogo, hata ile ya Uvinza, muinyunyize kwenye moto wakati wa usiku. Mwali utageuka manjano. Manjano hiyo inatokana na sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Kila elementi, yaani kila asili ya maada kama vile haidrojeni, kaboni au chuma, ina rangi zake maalumu ambazo haishirikiani na nyingine, kama vile kila mtu alivyo na alama zake za vidole.

Jambo hili lina upande wa pili, na huo ndio msingi wa mada yetu. Mvuke wa sodiamu ukikaa mbele ya taa nyeupe yenye moto mkali zaidi, huinyang'anya taa ile rangi ileile ya manjano. Nuru ya taa ikipitishwa kwenye kioo cha pembe tatu na kutandazwa kama upinde wa mvua, mahali pa manjano ile patakuwa na mstari mweusi. Mwaka 1814 Mjerumani Joseph von Fraunhofer alichora mamia ya mistari myeusi ya namna hiyo katika nuru ya jua. Kuanzia mwaka 1859, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen wa Heidelberg walieleza maana yake, kwamba kila mstari unataja jina la elementi iliyoinyang'anya nuru sehemu yake. Kwa njia hiyo gesi ya heliamu ilitambuliwa katika nuru ya jua mwaka 1868, nayo haikupatikana hapa duniani mpaka mwaka 1895.

Tulihifadhi jambo hili, kwa maana tutalihitaji mbele. Mstari mweusi haumaanishi kwamba habari zimekosekana. Pale nuru ilipopungua ndipo penye jina la kitu kilichoipunguza.

TAA ZA MBALI

Gesi iliyokaa gizani haijitangazi. Ili ionekane kwa njia tuliyoieleza, lazima nyuma yake kuwe na taa. Na kama tunatafuta gesi iliyokuwapo wakati galaksi zilipokuwa changa, taa hiyo lazima iwe mbali kupita kiasi, tena iwe kali kupita kiasi. Taa za namna hiyo zipo, nazo huitwa kwazari.

Kugunduliwa kwake kulisaidiwa na mwezi, ambao sisi tunahesabu kwao miezi yetu. Mwaka 1962 mwezi ulipita mbele ya kitu kinachotoa mawimbi ya redio, kilichopewa namba 3C 273. Cyril Hazard na wenzake, wakitumia darubini ya redio ya Parkes nchini Australia, walipima wakati mawimbi yale yalipozibwa na wakati yalipotokea tena. Kwa kuwa mahali pa mwezi panajulikana barabara, mahali pa kitu kile napo pakajulikana. Mwaka 1963 Maarten Schmidt, akitumia darubini ya Palomar huko California, akaichunguza nuru yake. Aliiona mistari ya haidrojeni, lakini yote ilikuwa imesogea upande wa nyekundu kwa karibu asilimia 16. Kilichoonekana kama nyota ndogo kilikuwa kimeiacha nuru yake safarini kwa zaidi ya miaka bilioni 2.

Kwazari ni kiini cha galaksi chenye shimo jeusi kubwa mno. Gesi inayolizunguka na kutumbukia ndani yake hupata joto la kupindukia, ikang'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikiwekwa pamoja. Macho yetu matupu hayaioni hata ile 3C 273, kwa sababu ya umbali.

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, satalaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia na satalaiti ilikuwa ya Wamarekani, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satalaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani peke yake, na miongoni mwa vyanzo ilivyoviorodhesha imo 3C 273. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hivyo neno la lugha yetu limo katika vitabu vya falaki vya mataifa yote. Swali la kujiuliza ni wangapi katika watoto wetu wanaoweza kuvisoma vitabu hivyo.

MIHURI YA NJIANI

Sasa tufike kwenye kiini cha mada. Nuru ya kwazari hukutana na mawingu mengi ya gesi kabla ya kutufikia. Gesi iliyo nyingi zaidi ni haidrojeni, nayo hunyang'anya nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6. Nuru hiyo huitwa Lyman-alfa, na jicho la mwanadamu haliioni. Ikiwa mawingu yote yananyang'anya pahala palepale pamoja, tutayatofautishaje?

Tupige mfano. Mnajua kwamba lori la mazao ya misitu husimamishwa kwenye vizuizi vya njiani na hati zake hugongwa muhuri. Tuchukulie kwamba hati ya dereva mmoja ni kipande kirefu cha mpira wa baiskeli. Kila kizuizi kinapima sentimeta 12 kutoka mwisho wa mpira na kugonga muhuri hapo, bila kuzidisha wala kupunguza. Lakini baina ya kizuizi kimoja na kingine mpira unavutwa na kurefuka. Dereva akifika mwisho wa safari, mihuri haitakuwa imelaliana. Itakuwa imejipanga safu. Ule wa kizuizi cha kwanza umevutwa mara nyingi, kwa hiyo uko mbali kabisa. Ule wa kizuizi cha mwisho umebaki karibu na sentimeta 12. Mwenye kuusoma mpira huo ataijua safari yote, wala hakupanda lori.

Ndivyo ilivyo nuru. Ulimwengu unatanuka, na mawimbi ya nuru iliyomo safarini hurefuka pamoja nao. Kila wingu hugonga muhuri wake kwenye nanomita 121.6, kisha muhuri huo husogea kuelekea upande wa nyekundu kadiri safari inavyoendelea. Muhuri uliovutwa mara 4 tutaukuta kwenye nanomita 486, yaani kati ya rangi ya buluu na kijani. Nuru iliyogongwa muhuri huo imesafiri zaidi ya miaka bilioni 11 tangu ilipoliacha wingu lile. Kwa kupima mahali ulipo mstari, tunajua wingu lilikuwako lini. Kwa kupima unene na giza lake, tunajua gesi yake ilikuwa nyingi kiasi gani.

Mwaka 1971 Roger Lynds alionesha kwamba mistari mingi iliyosongamana katika nuru ya kwazari moja ya mbali ilitokana na Lyman-alfa ya mawingu mengi yaliyofuatana. Wanafalaki, yaani wataalamu wa elimu ya nyota, wameuita mkusanyiko huo wa mistari "msitu". Ninyi mnaokaa katikati ya miyombo ya Mlele mtalielewa jina hilo bila kufafanuliwa, kwa maana mistari imesimama mmoja baada ya mwingine kama miti, mwembamba kwa mnene.

Tena wataalamu hawa hawaridhiki na muhuri mmoja. Elementi ya magnesiamu, kwa mfano, huacha mistari miwili ya jirani, kwenye nanomita 279.6 na 280.3. Nuru ikivutwa, yote miwili husogea, lakini uwiano baina yao haubadiliki. Ikipatikana miwili kwa uwiano huo, huo ni ushahidi wa mashahidi wawili wanaoafikiana. Ukipatikana mmoja peke yake, mtaalamu mwaminifu hungoja. Sisi tuliofundishwa kudai mashahidi hatuna haki ya kuidharau tahadhari hiyo.

MAWINGU YALIYOZAA GALAKSI

Ndani ya msitu huo mna miti michache iliyo minene mno. Mwaka 1986 Arthur Wolfe na wenzake walichapisha matokeo ya kuitafuta kwa utaratibu mihuri mizito ya namna hiyo. Kiwango walichoweka ni kwamba, katika njia ya nuru, kila sentimeta moja ya mraba iwe imekutana na atomu za haidrojeni zisizopungua bilioni 200 mara bilioni moja. Wolfe alisema kwamba mawingu haya ni galaksi changa, kwani gesi iliyokusanyika kiasi hicho ndiyo mtaji wa kuzalia nyota.

Wengine hawakuafiki. Na ugumu ulikuwa huu: kwazari inang'aa mno, na galaksi iliyo mbele yake ni hafifu mno, hata kuiona ni sawa na kumtafuta kimulimuli kando ya taa ya lori. Kwa miaka mingi walijua kwamba muhuri upo, lakini aliyeugonga hawakuweza kumwona.

Mwaka 2017 jibu likaanza kupatikana. Marcel Neeleman na wenzake, wakitumia darubini za redio za ALMA zilizoko katika jangwa la Atacama nchini Chile, walipokea mnururisho wa galaksi zenyewe zilizogonga mihuri hiyo. Mwaka 2020 walieleza kwa urefu habari za galaksi moja kati ya hizo. Ilikuwa sahani ya gesi baridi inayozunguka kwa utulivu, kwa kasi ya kama kilomita 272 kwa sekunde, wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka bilioni 1.5 tu. Wataalamu wengi walikuwa wakitarajia kwamba galaksi za zama zile zingekuwa zimevurugika kwa kugongana, na kwamba sahani zilizotulia zingechelewa sana kutokea. Galaksi hii ilionesha kwamba baadhi yao zilikua kwa kulishwa gesi baridi pole pole. Ikabidi mawazo yarekebishwe.

Galaksi hiyo ikaitwa Sahani ya Wolfe. Wolfe mwenyewe hakuiona, kwani alifariki mwaka 2014. Alitumia umri wake kusoma mihuri ya kitu ambacho hakukiona, na waliokuja baada yake wakamkuta alisoma sawasawa.

Mihuri hiyo imetueleza pia habari za madini. Mwanzoni ulimwengu ulikuwa na haidrojeni na heliamu, pamoja na chembe kidogo sana za vitu vyepesi vingine. Kaboni, oksijeni, silikoni na chuma vilipikwa ndani ya nyota na katika milipuko yao, kisha vikatawanyika. Mwaka 2011 Michele Fumagalli na wenzake walitangaza kwamba wameona mawingu mawili, ya takriban miaka bilioni 2 baada ya mwanzo, ambamo hamkuonekana hata alama ya elementi nzito. Ilikuwa gesi ambayo nyota zilikuwa bado hazijaigusa. Katika mawingu ya baadaye alama za madini huzidi kwa ujumla kadiri zama zinavyosonga.

Asiyeweza kwenda Chile aende Mbozi, mkoani Songwe. Kule kuna kimondo kikubwa cha chuma kilichoanguka kutoka angani, ambacho hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Chuma hicho, na chuma cha jembe lako, na chuma kilichomo ndani ya damu yako, asili yake ni nyota zilizotangulia. Mistari myeusi katika nuru ya kwazari inatuonesha jinsi hazina hiyo ilivyokuwa ikiongezeka zama kwa zama.

UKUNGU ULIPOONDOKA

Jambo la mwisho katika habari hizi ni ukungu. Mwaka 1965 James Gunn na Bruce Peterson walitoa hoja kwamba, lau anga lililo baina ya galaksi lingekuwa limejaa haidrojeni iliyo nzima, nuru yote ya upande huo wa mkanda wa rangi ingemezwa, isibaki hata miti ya msitu bali giza tupu. Kwazari za siku zile hazikuonesha giza hilo. Maana yake ni kwamba tayari atomu karibu zote zilikuwa zimekwisha kunyang'anywa elektroni zao na mnururisho mkali, na atomu iliyonyang'anywa haigongi tena muhuri huo.

Giza lenyewe likasubiriwa kwa miaka 36. Mwaka 2001 Robert Becker, Xiaohui Fan na wenzao waliliona katika kwazari iliyokuwapo kabla ulimwengu haujafikisha miaka bilioni 1. Mwaka 2023 yakatangazwa matokeo ya darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ambayo ilikuwa imeelekezwa kwenye kwazari nyingine ya zama hizo. Wataalamu waliilinganisha nuru ya kwazari hiyo na mahali zilipo galaksi zilizo kandokando ya njia yake. Wakakuta kwamba, kila penye galaksi, anga lilikuwa limesafishika kuizunguka hadi umbali wa kama miaka-nuru milioni 2. Hivyo galaksi changa ndizo zilizouondoa ukungu, kila moja katika eneo lake, mpaka maeneo yakaungana.

YANATUHUSU NINI?

Ndugu zetu, huenda mzee mmoja akasema: sisi tuna matatizo ya shamba, ya ada na ya dawa, kwazari inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu ya yule kijana aliyeuliza.

Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku ileile, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Ingekuwa rahisi kuwaacha waseme hivyo, maana maneno yao yalikuwa ya kumtukuza. Naye akakataa, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Hakukubali utukufu uliojengwa juu ya habari isiyo sahihi. Na Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alionya kwamba mwenye kudhani anaitetea dini kwa kukanusha maelezo ya kupatwa yaliyothibitishwa kwa hesabu, ameidhuru dini.

Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na pete yake ikaonekana Rujewa mkoani Mbeya, wakati wake ulikuwa umetangazwa mapema kwa hesabu, na hesabu ikawa kweli. Kijana aliyeshuhudia siku hiyo, kisha akasikia mtu mzima anayemheshimu akisema wataalamu wa anga wanabuni tu, atafanyaje? Atajua kwamba katika jambo hili mtu mzima yule hana habari. Na atakapoambiwa juu ya sala, juu ya amana na juu ya Akhera kwa ulimi uleule, moyo wake utasitasita. Hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa, nayo ni kubwa kuliko kutojua kwazari ni nini.

Wala tusikimbilie upande wa pili tukasema kila kitu kilikuwa tayari katika aya fulani. Aya haibadiliki, ila nadharia hurekebishwa, kama tulivyoona ilipopatikana Sahani ya Wolfe. Anayeifunga aya kwenye nadharia ya mwaka huu, mwakani nadharia ikisahihishwa atamwacha kijana wapi? Na kama habari hizi tulikuwa nazo, mbona hatukuzitoa mpaka wengine walipozitafuta?

Ni kweli kwamba Abdul-Rahman as-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, aliitaja ile galaksi ya Andromeda kuwa ni kiwingu kidogo. Ni kweli kwamba Ibn al-Haytham alichunguza nuru kwa majaribio miaka elfu moja iliyopita. Lakini hao walikesha wakitazama na kupima. Kuyataja majina yao bila kufanya kazi yao ni sawa na mrithi anayesifu shamba la babu na huku limeota magugu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, mtoto wa kike au wa kiume akionesha kuelekea fizikia na hisabati, asivunjwe moyo nyumbani wala madrasa. Kazi hii imekwisha kufika barani kwetu. Katika jangwa la Karoo nchini Afrika Kusini darubini ya redio ya MeerKAT, yenye masahani 64, ilizinduliwa mwaka 2018, na moja ya kazi zake kubwa ni kutafuta mihuri ya gesi katika mawimbi ya vyanzo vya mbali kama hivi tulivyovizungumza. Majirani zetu Kenya, Zambia na Msumbiji wamo katika nchi shirika za mradi mkubwa zaidi unaojengwa pale, wa SKA. Milango ipo, wanaohitajika ni wenye maandalizi.

Pili, walimu wa madrasa wawatoe watoto nje usiku mara kwa mara. Giza la Inyonga ni neema ambayo watu wa miji mikubwa wameipoteza kwa wingi wa taa. Mwezi wa Oktoba au Novemba, mawingu yakiruhusu na mwezi ukiwa umezama, tazameni kaskazini. Kile kiwingu cha as-Sufi kinaonekana kwa macho matupu. Mtoto aambiwe kwamba nuru hiyo iliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita, kisha aachwe aulize.

Tatu, habari za angani zinazotumwa kwenye simu, kwamba nyota fulani imeonekana au sayari fulani itagonga dunia, zisisomwe mbele ya watu kabla ya kuulizwa sanadi yake. Tuliyemdai mpokezi katika hadithi, tumdai na katika habari nyingine.

Nne, sisi tunaosimama mbele ya watu tukiulizwa tusilolijua, tuseme hatujui. Neno hilo halimshushi mtu cheo. Linamfundisha kijana kwamba kinachosemwa kwa yakini kimechunguzwa.

Amri ya kwanza ya wahyi ilikuwa amri ya kusoma. Nuru iliyotoka kwenye kwazari kabla dunia hii haijakuwapo inaingia Inyonga kila usiku, nayo imebeba mihuri yake yote. Wapo wanaoisoma. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu wawe miongoni mwao, awape macho ya kuona na ulimi wa kusema kweli, na atuongoze sisi wazee wao tusiwe kizuizi katika njia yao. Amin.